Spika Mbili, Kona Mbili, na Swali la Nakala

Honi ya spika ya Klipsch ilikuwa haikamiliki kiwandani. Sehemu yake ya mwisho, ile pana kuliko zote ambako sauti nzito hutokea, haikuwamo kwenye sanduku ulilokuwa unaletewa mlangoni. Ilikuwa ni kuta mbili za nyumba yako na sakafu yake. Paul Wilbur Klipsch aliipanga hivyo kwa makusudi, akapata hataza ya Marekani mwaka 1943, na kuanzia mwaka 1946 akawa anauza spika hizo, zilizoitwa Klipschorn, kutoka mji mdogo wa Hope katika jimbo la Arkansas. Mnunuzi alipata mbao, waya na sumaku. Kona alitakiwa awe nayo mwenyewe.

Mimi ni seremala, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na kazi yangu hapa Houston ni kukarabati fanicha na masanduku ya spika za zamani. Sijaona kazi nyingine ya mbao inayomlazimisha fundi aulize mapema namna hii: kitu hiki kinaanzia wapi na kinaishia wapi? Na swali hilo linazaa jingine lililonikosesha usingizi. Ikiwa spika ya asili na nakala yake zinakaa chumba kimoja, kila moja katika kona yake, ukweli uko kwa ipi?

Niieleze kwanza ilivyo, maana bila hilo hoja yangu haina pa kusimama. Sauti ya mitetemo 35 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 10. Honi iliyosimama peke yake uwanjani, ili iitoe sauti hiyo vizuri, inataka mdomo ambao mzingo wake unakaribia urefu huo, yaani kipenyo cha mita tatu na ushei. Hakuna sebule ya kupokea kitu kama hicho. Lakini ukiiweka honi sakafuni, sauti inabakiwa na nusu ya anga tu. Ukiisogeza ukutani, robo. Ukiiingiza konani, sehemu moja ya nane, na mdomo unapungua kwa kadiri hiyo hiyo. Ndipo inapowezekana kwa honi ya sauti nzito kuishi ndani ya sanduku lenye kimo cha sentimita 130 hivi.

Ndani ya sanduku hilo, spika ya inchi 15 imefungiwa kwenye chumba kisichovuja hewa. Inasukuma sauti kupitia tundu jembamba kwenye ubao ulio mbele yake. Sauti inagawanyika, nyingine juu, nyingine chini, inakizunguka kile chumba, inarudi nyuma, inagawanyika tena kushoto na kulia, kisha inatoka pembeni ikiambaa na ukuta. Njia nzima inapanuka kidogo kidogo kwa mujibu wa hesabu. Ukiwa na wati moja tu, mita moja mbele yake utapata karibu desibeli 104, ambapo spika nyingi za sanduku za kawaida zitataka wati hamsini kufika hapo. Klipsch hakulitafuta hilo kwa kupenda kelele. Hoja yake ilikuwa kwamba utando wa spika unaosogea kidogo hukosea kidogo. Ukilazimishwa kwenda mbele na nyuma kwa nguvu, noti moja huichafua nyingine. Kwake, sauti kubwa kwa nguvu ndogo na sauti safi yalikuwa jambo moja.

Alikuwa mtu wa vipimo. Alizaliwa Indiana mwaka 1904, akasomea uhandisi wa umeme, akaenda Chile kutunza vichwa vya treni za umeme kwenye reli ya migodi ya nitrati, akarudi kusoma Stanford, akatafuta mafuta Texas kwa njia za jiofizikia, na vita vikamfikisha Hope, kwenye uwanja wa jeshi wa kujaribia silaha. Alibaki huko hadi alipofariki mwaka 2002. Nyuma ya ukosi wa koti lake alibandika kifungo kidogo cha manjano chenye neno kali la Kimarekani la kumkatalia mtu anayesema upuuzi, neno nisiloliandika hapa. Mtu akizidisha maneno matupu mbele yake, alikuwa anaugeuza ukosi na kumwonyesha. Nampenda kwa hilo. Nampenda mtu anayeuona uongo kuwa jambo zito hata pale unapohusu mbao na sumaku.

Sasa nije kwenye zile mbili.

Mama mmoja wa hapa mjini aliniita nyumbani kwa marehemu baba yake. Sebule ilikuwa ndefu, na katika kona mbili za ukuta mfupi zilisimama Klipschorn mbili. Ya kulia baba yake aliinunua katika miaka ya 1950, enzi ambazo muziki wa nyumbani ulitoka spika moja. Santuri za stereo zilipoanza kuuzwa mwaka 1958, watu wengi wenye spika ya namna hii walijikuta wanahitaji ya pili, na ya pili ilikuwa na bei ile ile ya kutisha. Baba yake, aliyekuwa fundi wa mabomba wa viwanda vya mafuta, alijitengenezea. Ya kushoto ilikuwa kazi ya mikono yake, aliyoifanyia katika gereji ambayo mama huyo alipokuwa mtoto alikatazwa kuingia akiwa na viatu vya wazi.

Mama huyo alikuwa amezungumza na dalali wa vitu vya zamani. Dalali alimweleza kwamba jozi kamili ya asili inauzwa kwa fedha nyingi kupita spika moja moja, na kwamba fundi hodari anaweza kuisawazisha ile nakala: kubadili vinia, kupachika kibandiko cha kiwanda mgongoni na kugonga namba ya toleo. Fundi huyo nilitakiwa niwe mimi.

Habari ya kibandiko haikunichukua muda. Tangu madrasa tunasimuliwa jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyopita sokoni, akaingiza mkono kwenye chungu ya nafaka ya mfanyabiashara, vidole vikakuta unyevunyevu chini. Mfanyabiashara akasingizia mvua. Lawama aliyoipata haikuwa juu ya nafaka kulowa. Mvua humnyeshea kila mtu. Ilikuwa juu ya kuificha ile iliyolowa isionekane. Kwa hiyo nakala si dhambi. Kuivisha jina la mwingine mbele ya mnunuzi ndiyo dhambi. Nilimwambia mama huyo kwamba kibandiko sitapachika, na nashukuru kwamba uso wake ulionyesha kufarijika. Nadhani alilitaka jibu hilo, ila alitaka limtoke mtu mwingine.

Lakini jibu hilo la sokoni lilinionyesha tu kosa la muuzaji. Halikusema chochote juu ya ile spika yenyewe. Je, ni kitu pungufu? Je, ni kivuli cha ile ya kulia, kinachostahili kukaa pale kwa sababu tu ya mapenzi ya binti kwa baba yake?

Watu wengi wameiiga Klipschorn, na si wote wa aina moja. Uingereza, kampuni ya Vitavox iliitengeneza kwa idhini ya Klipsch mwenyewe, ikiwa na spika zake za ndani, na wapo wanaoipenda kuliko ile ya Arkansas. Electro-Voice wa Marekani nao walichukua leseni yake na kujenga makabati makubwa ya kona. JBL walitoa Hartsfield mwaka 1954, honi ya kona kwa njia yao wenyewe. Katika miaka ya 1970 Speakerlab wa Seattle waliuza mbao na vifaa ili mtu aunganishe mwenyewe spika ya umbo hilo nyumbani. Na kuna kundi jingine, ambalo sitalitaja kwa majina: makabati ya pembetatu yaliyopendeza sana kwa kitambaa na mbao za kung'aa, yenye sura kamili ya spika ya kona, na ndani yake hamna honi yoyote. Sanduku tupu lenye spika moja. Kona kwao ilikuwa mapambo.

Hata Klipsch hakuanzia utupu. Paul Voigt, Mwingereza, alikuwa ameshaiweka honi ya nyumbani konani katika miaka ya 1930. Spika za ndani, zile za chuma na sumaku, Klipsch alizinunua kutoka viwanda vingine miaka nenda miaka rudi. Kilichokuwa chake hasa ni ile njia iliyokunjwa, na ule ujasiri wa kuiachia kuta za mteja zimalizie kazi.

Aflatuni, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, anazungumzia kitanda. Kipo kitanda cha asili, wazo lenyewe, ambacho ni cha Mungu. Kipo anachotengeneza seremala kwa kuliangalia wazo hilo. Na kipo anachochora mchoraji kwa kukiangalia cha seremala, tena upande mmoja tu, kama kinavyoonekana kwa aliyesimama mahali fulani. Mchoraji yuko mbali na ukweli kwa hatua mbili. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kwa sababu ni nadra mwanafalsafa kumkaribisha seremala mezani, na kwa muda mrefu nilidhani hukumu yake inaeleweka: Klipsch ni seremala, na yule fundi wa mabomba ni mchoraji.

Siku nilipofungua mgongo wa ile nakala niliacha kuamini hivyo.

Kwanza, ile ya asili yenyewe ni mwigo. Mstari wa upanuzi wa honi ni mstari wa hesabu, umepinda mfululizo bila kukatika. Plaiwudi haipindi hivyo. Klipsch aliukata mstari ule kuwa vipande vilivyonyooka, ubao juu ya ubao, kila mmoja ukikaribia mpindo bila kuufikia. Klipschorn ya kiwandani, yenye namba na kibandiko, ni jaribio la mbao kuitii hesabu. Kwa hiyo mtu anayeinakili ana mambo mawili mbele yake: anaweza kuzifuata mbao, na anaweza kuifuata hesabu ambayo mbao zilikuwa zinaifuata. Wa kwanza ndiye mchoraji wa Aflatuni. Wa pili ni seremala kama Klipsch alivyo seremala, na hakuna daraja lolote kati yao.

Pili, na hili ndilo lililoniketisha chini. Nilipima kona za sebule ile kwa skwea na timazi. Kona ya kulia ilikuwa mraba kamili. Ya kushoto ilikuwa imefunguka, nyuzi moja na ushei kupita 90, kama ilivyo kawaida kwa nyumba za zamani ambazo udongo wake unavimba na kunywea. Kisha nikapima migongo ya spika. Ile ya kiwandani ilikatwa kwa kona ya nyuzi 90. Ile ya nyumbani ilikuwa imepigwa randa kwenye kingo zake za nyuma, kwa uangalifu mkubwa, hata ikafunguka kiasi kile kile. Ikikaa konani kwake haiachi upenyo wa kupitisha karatasi. Na kwa ndani, vibao viwili vya mwisho vya njia ya sauti vilikuwa vimesogezwa kidogo ili upanuzi usivurugike kwa ile pembe mpya. Mistari ya penseli ilikuwa bado ipo.

Tuliweka santuri ya kinanda kikubwa cha kanisa, mali ya marehemu, tukasikiliza spika moja moja. Zilikuwa karibu sawa. Kisha nikamwomba mama huyo ruhusa, na tukiwa na kijana wake tukazibadilishana: ya asili kushoto, nakala kulia. Zote mbili ziliharibika. Kila moja iliacha ufa ukutani, na kupitia ufa huo zile sauti za chini kabisa, zile ambazo mtu huzisikia kwa kifua kabla ya masikio, zikapotea. Kibandiko cha kiwanda hakikuisaidia ile ya asili kitu chochote. Tukazirudisha, na kinanda kikarudi.

Yule fundi wa mabomba angeinakili Klipschorn sentimita kwa sentimita, angeiasi. Aliiacha vipimo vyake ili aishike kanuni yake. Kwa kadiri ninavyoona mimi, huko ndiko kuiga kwa kweli, na kumbe kuna nyakati ambapo utiifu unaonekana kwa nje kama kuasi.

Nilimpigia simu kaka yangu Tanga. Yeye ni maalim wa madrasa, amesoma fiqhi kwa masheikh wa mwambao, na tangu utoto wetu ndiye ninayempelekea maswali ya namna hii.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, bwana mdogo. Watoto wazima?"

"Wazima, alhamdulillahi. Kaka, nina swali la spika."

Hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba wanazuoni walishapita karibu na mahali nilipo. Kisomo cha aya ya sijida kinapomfikia mtu sikioni, kwa Mahanafi msikilizaji anawajibika kusujudu. Wakauliza: je, akiisikia aya hiyo kutoka kwa kasuku aliyefundishwa? Je, akiisikia kwa mwangwi wa mlimani? Wakajibu kwamba hawajibiki. Maneno ni yale yale, herufi hazikupungua, lakini kasuku hana nia wala hajui anachosema, na mwangwi hauna msomaji ndani yake. Zilipokuja gramafoni na kaseti, wengi walizipima kwa mizani hiyo hiyo ya mwangwi na kasuku.

"Kwa hiyo," akasema, "tazama kwanza kama huyo mzee wako alikuwa kasuku."

Nikamweleza habari ya kona iliyofunguka na zile kingo zilizopigwa randa. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Baba alitufundisha kusali tukielekea wapi?"

"Kibla, kaka."

"Kibla, ndiyo. Lakini mwili wake ulielekea wapi?"

Kaskazini. Tanga iko karibu moja kwa moja kusini ya Makka. Mtoto wa Tanga anajifunza kibla kwa kumtazama baba yake, na anachokiona ni mtu aliyeelekea kaskazini.

"Na wewe huko uliko?"

Houston tunaelekea kaskazini mashariki.

"Basi ukielekea kaskazini kama baba, unamfuata au unamwacha?"

Naweza kusema kwamba swali hilo lilinipa zaidi ya kurasa nyingi nilizosoma. Mimi nimeishi nje ya nyumbani sehemu kubwa ya umri wangu, na kama wenzangu wengi nimekuwa na hofu ya kuwa nakala hafifu: Mswahili anayezungumza na wanawe lugha mbili, anayefunga Ramadhani kwa saa za nchi nyingine, anayepika pilau kwa mchele mwingine. Wapo kati yetu wanaojibu hofu hiyo kwa kushikilia vipimo vya nyumbani sentimita kwa sentimita, kisha wanashangaa kwa nini sauti haitoki. Wapo wengine wanaoona kwamba kona imebadilika na kwa hiyo hakuna haja ya honi kabisa. Wanabaki na kabati la pembetatu, sura ya dini na sura ya utamaduni, ndani hamna kitu. Njia ya tatu ni ngumu kwa sababu inadai elimu. Huwezi kuugeuza mwili wako kutoka kaskazini kwenda kaskazini mashariki kama hujui kwamba baba alikuwa anaielekea Makka, wala si kaskazini.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anasimulia katika Al-Munqidh min al-Dalal jinsi kamba za kufuata bila kujua zilivyomkatikia angali kijana, alipoona kwamba kila mtoto anakulia dini ya wazazi wake. Alitoka kwenye taqlidi ile, akazunguka mbali sana, akapitia shaka iliyomuumiza mpaka ulimi ukashindwa kufundisha. Na mwisho wa safari yake ndefu tunamkuta anasali, anafunga, anaushika mwenendo wa Mtume kwa ukaribu mkubwa. Kwa nje ungesema amerudi pale pale. Kwa ndani sasa alijua anachokiendea. Sisi wafuasi wa kawaida wa Imamu Shafi hatudaiwi wote kupita njia ya Ghazali. Mtu asiye mwanachuoni anaruhusiwa kumfuata anayejua, na hakuna aibu katika hilo, kama ambavyo hakuna aibu kwa mwanafunzi wangu wa useremala kukata anapoambiwa akate. Ila ipo siku atakutana na kona isiyo mraba, na mimi sitakuwepo.

Klipsch naye alilijua hili, na ushahidi ni spika yake ya mwaka 1957. Alikuwa amehubiri kwa muda mrefu kwamba spika ya haki ni ya kona na ni ya honi. Kisha, kwa kutafuta spika ndogo ya kusimama katikati ya Klipschorn mbili ili sauti ya stereo isiwe na shimo, akaunda sanduku dogo lisilohitaji kona, na sauti nzito ndani yake haikutoka kwa honi. Mtu wa karibu naye akamwambia kwamba huo sasa ni uzushi dhidi ya mafundisho yake mwenyewe. Akalipokea neno hilo na kuiita spika Heresy, na inauzwa mpaka leo kwa jina hilo. Alichokitaka tangu mwanzo kilikuwa kuirudisha sauti ya wapiga muziki ilivyokuwa pale walipoketi, na kona ilikuwa njia ya kufikia huko. Kiwanda chenye jina lake kimekwenda mbali zaidi: Klipschorn iliyotolewa mwaka 2019 imefungwa mgongo, inabeba sehemu ya mwisho ya honi ndani yake, na hailazimiki tena kubanana na kuta. Wapenzi wengine wa zile za zamani wanasononeka. Siwabezi, maana nami naipenda ile ya zamani kwa unyenyekevu wake, kwa kukiri kwake kwamba haitoshi bila nyumba. Lakini kama kibandiko ndicho ukweli, basi hii mpya isiyodai kubanana na kuta ni ya kweli kuliko ile ya fundi wa mabomba iliyochongwa na kukaa kwenye kona kama ufunguo kwenye kitasa chake. Hilo silikubali.

Hukumu yangu ni hii. Ile ya kulia ni Klipschorn kwa sababu Klipsch aliitengeneza na konani pake inaitii kanuni yake. Ile ya kushoto ni honi ya kona ya kweli kwa sababu ya pili peke yake, na sababu ya pili ndiyo iliyo kubwa. Ya kwanza ni habari ya nani alifanya, na habari hiyo ina heshima yake, ndiyo maana kuighushi ni dhambi. Lakini sauti ya kinanda inapoingia sebuleni haiulizi nani alifanya. Mimi pia nikisimama kusali sitaulizwa kama nilisimama ulipokuwa mswala wa baba. Nitaulizwa nilielekea wapi na nilikusudia nini.

Mama yule aliuza ile ya asili peke yake, kwa bei ya spika moja, na akamweleza mnunuzi kila kitu. Nakala ameibakisha, maana haiwezi kukaa vizuri nyumba nyingine yoyote bila kukatwa upya, na mimi nilimwambia kwamba nisingependa kuwa mkono utakaoikata. Anaisikiliza peke yake konani, kwa santuri zile za zamani ambazo tangu mwanzo zilirekodiwa kwa ajili ya spika moja.

Jambo moja lilinisikitisha katika kazi yote hiyo. Nililitafuta jina la baba yake ndani ya sanduku, kila ubao, kwa tochi, na sikuliona. Vipimo vyake vyote vilikuwepo, jina halikuwepo. Kwa hiyo nawaomba mafundi wenzangu, wa Keko, wa Tanga, wa Mombasa, na ninyi mliotawanyika huku ughaibuni: ukitengeneza kitu kwa kumfuata bwana mwingine, andika kwa ndani jina lake aliyekitangulia, kisha andika lako na mwaka. Na wewe mwenye kabati, kitanda au spika iliyofanywa na mzazi wako, ifungue, na kama hakuandika, mwandikie.